Kamba za viatu: kanisa na watu wa mpakani hapa Texas

Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zangu Waislamu, asalamu alaikum. Kigoma, Ujiji, Kasulu, habari zenu? Na ninyi mnaonitazama mkiwa Uvira na Bukavu, jambo yenu. Hapa San Antonio ni saa tatu usiku, huko najua jogoo wameshaanza kuwika. Mnavyoniona nipo mezani, na hivi vifurushi mbele yangu ni kamba za viatu. Nyeusi huku, nyeupe huku. Nazifunga jozi jozi huku tunaongea.

Kuna kijana wa nyumbani kanitumia ujumbe. Anauliza, dada, ni kweli kanisa lenu huko linavusha watu mpaka wa Meksiko na kuwapa karatasi? Nimemjibu, lakini jibu ni refu, na najua hayuko peke yake anayejiuliza.

Mdogo wangu, kanisa halivushi mtu. Kanisa linampokea aliyekwisha vuka na serikali yenyewe ikamwachia. Mtu akijisalimisha kwa askari wa mpaka na kusema anaomba hifadhi, anawekwa kwenye kituo chao. Pale wanamvua mkanda na kamba za viatu, wakihofia asije akajinyonga. Miaka ya kabla ya 2025, wengi walikuwa wanaachiwa wakasubiri kesi wakiwa nje. Walitoka na karatasi za mahakama mkononi, viatu vinaburuzika. Mimi niliwajua kwa mwendo kabla sijawajua kwa sura.

Mwisho wa Mei 2019, watu 116 kutoka Angola, Kameruni na Kongo walivuka mto Rio Grande kwa pamoja karibu na Del Rio. Siku zilizofuata mabasi yakaanza kuwashusha Wakongo hapa mjini, mamia. Jiji likatangaza linatafuta watu wanaojua Kifaransa wajitolee. Mimi Kifaransa sijui. Nikasema moyoni, katika Wakongo wote hao hakosekani wa Kivu. Nikaenda.

Wamethodisti wa Travis Park, kanisa la katikati ya mji, walikuwa wamefungua milango yao watu wapate pa kulala. Nikamkuta mama mmoja na watoto wawili. Wanamsemesha Kifaransa, yeye anatikisa kichwa tu. Nikainama nikamwambia, "Jambo mama. Unatoka wapi?" Akanitazama. "Uvira." Nikamwambia mimi ni wa Kigoma. Jamani, yule mama alinishika mkono asiuachie mpaka supu ikapoa. Ziwa letu ni moja! Tulizungumza dagaa, tukazungumza upepo wa ziwani, na mambo ya njiani hakuyagusa mpaka usiku sana. Aliyagusa kwa maneno machache: "Kuna wenye tuliacha msituni."

Msitu ule ndio Darién, kati ya Kolombia na Panama. Barabara hakuna, ni matope, mito na watu wenye silaha. Mwaka 2023 pekee walipita pale zaidi ya watu 520,000. Yule mama aliupita na mtoto mgongoni.

Akaniuliza, Portland ni mbali? Maana wengi wao walikuwa wamesikia kwamba kule Portland, jimbo la Maine, kuna Wakongo wenzao. Nikamchorea kwenye karatasi. Ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa basi. Piga hesabu ya treni kutoka Kigoma hadi Dar, urudi, halafu bado hujafika. Na walikwenda, na jiji la Portland likawafungulia ukumbi wa michezo wakalala humo majira yale ya joto.

Baada ya pale nilianza kushuka McAllen, kama saa nne za barabara, mpakani kabisa. Kule yupo Sista Norma Pimentel wa Catholic Charities, yaani kama Karitasi yetu. Mwaka 2014 aliona kina mama na watoto wamekaa stendi ya mabasi, wachafu, wana njaa, hawajui pa kwenda. Akaomba ukumbi wa parokia ya Moyo Mtakatifu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaoga, unapewa nguo safi, bakuli la supu, simu umpigie ndugu yako, kisha unaelekezwa basi. Walikuwa wanampa mtu bahasha ya kaki yenye safari yake, na juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba sijui lugha hii, tafadhali nisaidie nipande basi gani. Ukimwona mtu mzima anashika bahasha ile kwa mikono miwili, hutasahau.

Nikikaa pale namkumbuka mama yangu. 1996, boti zinaingia Kigoma kila siku na watu wanaokimbia vita, jumuiya yetu inakusanya unga na maharage, mama anakoroga uji kwenye sufuria la harusi.

Sasa nisikilize, kijana. Kuachiwa siyo kupewa hifadhi. Kuna hakimu, na kuna mwanasheria wako, ukimpata, anayeomba kesi yako ikubalike na wa serikali anayeomba urudishwe. Kibali cha kazi huwezi hata kukiomba mpaka zipite siku 150 tangu upeleke ombi lako. Anayekwambia uuze shamba la michikichi la mzee akupeleke Marekani, na kwamba kanisa litamalizia, anakula hela yako. Mkimbizi wa kweli hana muda wa kuuza shamba.

Na mambo yamebadilika. Tarehe 20 Januari 2025 ile programu ya simu ya serikali ya kupanga miadi ya kuingia mpakani ilifungwa, na waliokuwa wakingoja Meksiko miadi yao ikafutwa siku hiyohiyo. Mwezi huohuo uliondolewa utaratibu uliokuwa ukiwazuia askari wa uhamiaji wasikamate watu makanisani. Julai, Askofu Alberto Rojas wa San Bernardino, California, aliwaruhusu waamini wanaoogopa kukamatwa wasije Misa ya Jumapili. Niliposoma nililia. Kwetu askofu hutuhimiza tuje.

Kwa hiyo kumbi za upande huu nyingi ziko kimya. Waliorudishwa ndio wanaoshushwa kule ng'ambo, nao viatu havina kamba vilevile. Kule Nogales, jimbo la Sonora, Meksiko, Wajesuiti na masista wana jiko la kuwalisha tangu 2009, na nyumba kama hizo ziko miji mingi ya mpakani. Hizi jozi zinakwenda kwa masista wa upande wa Meksiko. Kesho asubuhi kuna gari la parokia linashuka. Waliomba nyeusi zaidi, na ndefu, za mabuti.

Zimebaki hizi hapa. Ngoja nimalizie kabla sijalala. Nawapenda, msalimieni mama.