Kashe ya SSD kwenye ghala la picha za setilaiti: ZFS kwa vitendo, Mwanjelwa

Haya, karibuni dukani Mwanjelwa, Mbeya. Leo mezani kuna kazi ninayoipenda kuliko kuflashi simu za watu: seva ya mteja anayekusanya picha za setilaiti za mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, Mbozi mpaka Njombe. Ni picha za Sentinel-2, zile za bure za Ulaya. Zinapita juu yetu kila baada ya siku 5, na kipande kimoja cha kilomita 110 kwa 110 ni kama megabaiti 800. Chukua vipande 20, zidisha kwa mwaka mzima: terabaiti moja na ushee. Na hafuti kitu, hata zile za Machi ambazo ni mawingu matupu. Watafiti ndivyo walivyo. Tunamfungia ghala la diski, halafu tunaliwekea kashe ya SSD, yaani sehemu ya haraka ya kushikia nakala za picha anazorudia.

Vifaa: HDD (diski za kuzunguka) 6 za terabaiti 8, SSD (diski ya haraka isiyozunguka) moja ya NVMe ya terabaiti 1, RAM gigabaiti 64, na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. UPS sibishani na mtu. Kwenye HDD, ukinunua kwangu au kwa jirani, uliza kama ni CMR au SMR. CMR mistari yake ya data imeachana; SMR imelaliana, ukiandika upya mmoja unalazimika kuandika na wa jirani. Siku diski moja ikifa ukaweka mpya, kuijaza itakutesa. Mimi SMR sifungi kwenye ghala, nauzia watu wa muvi.

Kufunga skrubu mnajua, naruka. Kuinstall ZFS, programu inayounganisha diski nyingi kuwa ghala moja, nako naruka: sudo apt install zfsutils-linux, basi.

Sasa tuone diski, amri ya kuziorodhesha ni lsblk... moja, mbili, tatu, nne, tano. Tano? Dogo, sogeza kamera huku, mulika tochi. Mnaona ile kebo nyekundu ya SATA? Imeingia upande mmoja tu, upande wa pili unacheza. Bonyeza mpaka ilie. Tena... sita. Hii sitaikata kwenye video, maana na wewe itakukuta.

Kutengeneza ghala, usitumie majina ya sda, sdb. Yanabadilika ukihamisha kebo. Tumia yale ya /dev/disk/by-id, yana siriali namba ileile iliyo kwenye stika ya diski. Piga picha stika zote kabla hujafunika kasha, utanishukuru.

Amri: sudo zpool create -o ashift=12 ghala raidz2, halafu majina sita. ashift=12 ni kuandika kwa vipande vya kilobaiti 4, raidz2 maana yake diski mbili zinaweza kufa na data ikabaki. Ukiangalia zpool list utaona 43 na ushee, hiyo imehesabu na za akiba. Ukiangalia zfs list utaona 29 au chini yake kidogo. Hujaibiwa: diski mbili ni za akiba, na kompyuta inahesabu kwa 1024, si 1000.

Folda ya picha: sudo zfs create -o recordsize=1M ghala/picha. Faili ni kubwa na zinasomwa kwa mafungu, kwa hiyo vipande vya megabaiti 1. Database ya PostgreSQL yenye mipaka ya mashamba mpe folda yake, recordsize=16K. Usiwachanganye.

Tuje kwenye kashe. Muuza mchele wa Kyela hapo nje ameweka sado chache mbele, magunia yako stoo. Kashe ni zile sado, ila hapa cha mbele ni nakala tu, chenyewe hakijatoka stoo. Wakubwa kama CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, wana na stoo ya tatu, kanda za sumaku zinazochukuliwa na roboti. Kanda moja ya LTO-9 inabeba terabaiti 18.

Kabla hujanunua SSD, angalia kashe ya RAM, inaitwa ARC. Andika arc_summary. Kama karibu kila kinachoombwa kinapatikana humo, acha, hela yako kanunue RAM au kale kuku. Nauza SSD, lakini ndiyo hivyo. Huyu mteja anarudia picha za msimu mmoja wiki nzima na hazienei kwenye RAM, kwa hiyo anaihitaji.

Sasa tulia. Mwenye ugali jikoni akaepue kwanza. Amri ni hii:

sudo zpool add -n ghala cache /dev/disk/by-id/nvme-...

Neno cache. Soma tena: cache. Ukilisahau, ZFS inaona unataka kuongeza SSD iwe sehemu ya ghala lenyewe. Itakataa, itakwambia haifanani na raidz, na juu yake itakuonyesha kwamba ukiweka -f italazimisha. Usiweke -f! Imeletwa mashine hapa, mtu kaweka -f. Kwenye ghala la raidz, SSD ikishaingia hivyo haitoki, na ikifa peke yake inaondoka na ghala zima. Diski sita nzima, data hakuna. Dawa ni kuhamisha kila kitu kwenye diski nyingine na kuanza upya.

Ndiyo maana nimeweka -n, ya kujaribu bila kutenda. Tazama skrini. Dogo, karibu zaidi... hapo. raidz2-0, diski sita chini yake. Halafu neno cache limesimama peke yake pembeni, na nvme iko chini yake. Kama nvme imepangwa sawa na raidz2-0 na hakuna cache, ondoa mkono kwenye Enter. Umehakiki? Toa -n, rudia. Na -f? Hapana.

Angalia uzuri wake: sudo zpool remove ghala na jina la nvme. Imetoka, ghala linaendelea kana kwamba hakuna kitu. Nairudisha. Cache, nimeandika, mmeona.

Bado moja. Kwa kawaida kashe hii ya SSD, ZFS inaiita L2ARC, haihifadhi vinavyosomwa mfululizo, na picha zetu zinasomwa hivyohivyo. Fungua /etc/modprobe.d/zfs.conf, weka options zfs l2arc_noprefetch=0, kisha sudo update-initramfs -u, washa upya.

Na haijai mara moja. Matoleo mengi yanayotumika yanaijaza megabaiti 8 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti nzima ni zaidi ya siku moja ya kazi mfululizo. Tangu OpenZFS 2.0 ukizima mashine haianzi sifuri. Mpe mteja wiki atumie, ndipo uangalie arcstat, inayoonyesha kashe inasaidia kiasi gani, halafu ndiyo uje kwenye komenti kunitukana.