Matairi, Ndugu Zangu, Matairi

Lile bango nalijua. Kila nikialikwa kuzungumzia propaganda ya Vita vya Pili vya Dunia, kuna mtu ameshalitundika kabla sijakaa: kazi ya Weimer Pursell, Marekani, 1943. Bwana mwenye kofia anaendesha gari, na kando yake kaketi Hitler, kachorwa kwa mstari mweupe kama mzuka. Maandishi yanasema ukienda peke yako umempakia Hitler, jiunge na klabu ya kupeana lifti. Mnacheka, kisha mnahitimisha: kumbe petroli iliadimika!

Sivyo. Yalikuwa matairi.

Marekani ndiyo iliyoongoza dunia kwa kuchimba mafuta. Pwani yake ya mashariki ilibanwa kweli, maana nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli za mafuta, na mgawo wa petroli ukaanza huko Mei 1942. Lakini mtu wa Texas, visima vya mafuta hadi mlangoni, naye akapewa kuponi kuanzia tarehe 1 Desemba. Kwa nini? Wajapani walikuwa wameteka Malaya na Indonesia, na takriban asilimia 90 ya mpira wa Marekani ilitoka pande hizo. Kamati ya serikali kuhusu mpira, chini ya Bernard Baruch, ikashauri Septemba: mnyime mtu petroli, gari litalala, na tairi halitakwisha. Ndiyo maana spidi ikawekwa maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Ndiyo maana hukuruhusiwa kumiliki zaidi ya matairi matano kwa gari. Mwenye stika A kwenye kioo cha gari, yaani dereva wa kawaida asiye na kazi maalumu, aliambulia galoni 4 kwa wiki, baadaye 3.

Mtaniuliza, si wangechora tairi basi? Haya, chora wewe tairi kipara linalomtisha mtu.

Mpira wa kutengenezwa kiwandani, usiogemwa mtini, ndio uliowaokoa, lakini ulichelewa. Huku nyuma, Kongo ya Wabelgiji iliongeza kazi ya lazima kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mpira, wajukuu wa walioteswa kwa mpira huohuo enzi za Leopold, mfalme wa Wabelgiji aliyeimiliki Kongo. Tanganyika pia watu walishurutishwa kwenda kwenye mashamba ya mpira. Hao hawakuombwa kwa bango.

Uingereza, ambako Julai 1942 mwenye gari la kawaida alinyimwa hata kile kidogo cha petroli alichokuwa akigawiwa, naiacha. Mwenyekiti ananionyesha saa.