HP EliteBook 840 G3 haipokei Windows 11? Usiitupe, tuiwekee Linux Mint

Habari zenu wapendwa, karibuni tena mezani kwangu. Hii ni EliteBook 840 G3, zimejaa Kariakoo, na wenye nazo wananiuliza kila siku: fundi, Windows 10 wameiacha, ndiyo basi tena? Hapana jamani! Tutaiwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila huu ni wa bure. Ni kweli Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haiikubali hii, prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6 na wao wanaanzia cha 8. Lakini mashine ni nzima kabisa, na kibodi yake hii mimi siibadilishi kwa yoyote.

Kama kazi yako inategemea programu ya Windows tu, labda ya uhasibu, usinifuate leo. Jiunge na masasisho ya ziada ya usalama, yatakusogeza hadi Oktoba 2026. Waliobaki, twende.

Pakua Linux Mint 22 toleo la Xfce, ni jepesi, ndilo nilipendalo. Flashi ya GB 8 inatosha. Fungua Rufus, programu ndogo ya kuandaa flashi ya kuwashia mashine, chagua flashi, chagua faili la Mint, bofya START. Vilivyomo kwenye flashi vinafutika.

Sasa tulieni. Hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje: vyeti, picha, hesabu za duka. Fungua mawili matatu uone yanafunguka. Kisha chomoa hiyo diski. Ichomoe kabisa, iweke kabatini.

Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga F9. Gonga-gonga, usishikilie. Chagua flashi... Umeme huo umekatika! Ngoja niwashe tochi ya simu. Mnaona laptopu haijazimika? Betri niliijaza kwanza. Nanyi jazeni.

Haya. Mint imewaka kutoka kwenye flashi, Windows yako haijaguswa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na printa unayotumia. Kitu kikigoma, bora ukijue sasa.

Vyote vimekubali? Bofya "Install Linux Mint". Lugha, kibodi, endelea, endelea... SIMAMA HAPA. Ukurasa huu usikimbie. "Alongside" inaiacha Windows ikae pamoja na Mint. "Erase disk" inafuta Windows na kila kitu chako. Mteja mmoja alibofya upesi akiwa nyumbani, picha za harusi yake zikaenda zote, na nakala hakuwa nayo. Kwa hiyo soma tena. Diski ya nje iko kabatini? Nenda kaangalie, nakusubiri.

Mimi hapa nafuta, kwa kuwa mafaili yako salama kwenye diski ya nje. Ikimaliza, iwashe upya, chomoa flashi ikikuambia, bonyeza Enter. LibreOffice imo tayari, na masasisho ya Mint 22 yanaendelea hadi 2029.

Flashi zilizotayarishwa ninazo dukani. Ukikwama, niandikie hapa chini aina ya mashine na maneno unayoyaona kwenye skrini, nitakujibu.