Muhuri Kwanza, Ukumbi Baadaye

Kabla sijaanza, namwomba ndugu wa projekta aiondoe picha hiyo ya ukumbi. Ahsante. Kila ninapoitwa kuwazungumzia Waandishi wa Muhuri wa Edinburgh, jumuiya ya kale ya wanasheria wa Uskoti, naonyeshwa nguzo na kuba za ukumbi wa maktaba yao. Mfalme George wa Nne aliusifu ukumbi huo mwaka 1822, sawa. Lakini siku hiyo ulikuwa mali ya mawakili wa kusimama kortini, kundi jingine kabisa! Hawa wetu waliununua mwaka 1826. Mnamsifia mtu kanzu aliyoinunua uzeeni.

Tuanze na muhuri. Wafalme wa Uskoti walikuwa na muhuri mdogo wa barua zao, ukitunzwa na katibu. Chini ya katibu, makarani. Hao ndio walioandika, nta ikagandamizwa, karatasi ikawa amri. Mahakama kuu ya madai ilipoundwa mwaka 1532, samansi zake zikapitia muhuri huohuo. Basi! Humshtaki jirani yako kule bila kupita kwa karani. Mwaka 1594 mtunza muhuri akawapa idhini waandishi 18, jumuiya ikapata umbo. Mliowahi kumsubiri mwenyekiti wa mtaa arudi kutoka msibani, muhuri ukiwa mfukoni mwake, mnanielewa.

Najua kuna atakayesema, mzee unawashusha, hao ni wanasheria wakubwa. Siwashushi. Mtazameni Walter Scott, huyohuyo wa riwaya. Baba yake alikuwa Mwandishi wa Muhuri, na mwaka 1786 akamtia kijana wake ofisini kwa mkataba wa miaka mitano. Kazi gani? Kunakili. Analipwa kwa ukurasa, vijisenti vinaishia kwenye vitabu vya kuazima na tamthilia. Mwenyewe alikumbuka kuandika kurasa zaidi ya 120 kwa mkupuo mmoja, bila kula wala kupumzika. Kurasa kubwa, jamani, kwa kalamu ya unyoya! Unachovya, unaandika maneno machache, unachovya tena. Halafu watu wanashangaa riwaya zake zilivyo ndefu.

Naonyeshwa saa. Haya, mbiombio. Upekee wao juu ya muhuri ulikwisha. Vitabu vingi vya maktaba yao viliuzwa karne ya 20. Mwaka 1949 kikaundwa chama cha wanasheria cha Uskoti nzima, na hicho kina mhadhara wake. Lakini samansi ya mahakama ile bado inagongwa muhuri huo, hata leo.

Picha ya ukumbi sasa mnaweza kuirudisha.