Uyoga wa Iringa utaota Dar? Uliza mti kwanza

Haya jamani, swali ni lile lile kila mwaka mvua zikianza. Mtu kanunua uyoga wa njano barabarani huko Iringa, kafika Dar, kaosha, yale maji kamwaga chini ya mwembe, sasa anasubiri uyoga uote. Utasubiri sana ndugu yangu!

Ule uyoga haujitegemei, unaishi na mizizi ya miti ya miombo, mti unaupa sukari na wenyewe unautafutia mti maji na fosforasi. Mwembe nao una fangasi wake mizizini ila wale hawatoi uyoga kabisa. Kwahiyo msiniulize joto la Dar, niulizeni mti. Msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Kenya, ni pwani kabisa, joto lile lile, lakini kuna miti ya jamii ya miombo, huko mtu akiniambia kauona uyoga wa njano sibishi.

Mtasema mbona mamama, ule uyoga wa kulima (oyster), tunaotesha popote hata stoo. Ndiyo, kwasababu mamama inakula mabua, kitu kilichokufa, haina shida na mtu.

Sasa paini, hii nairudia na nitairudia tena. Paini siyo mti wetu, zilikuja mbegu tupu, na sehemu nyingi Afrika miche ikawa inadumaa na kugeuka njano, watu wanalaumu udongo, wanalaumu mvua, kumbe fangasi wake wa mizizini kabaki Ulaya na Marekani huko. Dawa ilikuwa nini? Udongo! Udongo uliochotwa chini ya paini zilizokwisha kukua, unachanganywa kitaluni, miche inaamka. Na humo kwenye udongo uyoga wa kigeni ukasafiri bila pasipoti, ndiyo maana kwenye mashamba ya paini unakuta uyoga wa utelezi wenye vitundu chini ambao miombo haiujui.

Kuna mzee pale nyuma anatikisa kichwa, najua unachotaka kusema, kwamba basi bila mti wake haiwezekani kabisa. Hapana, sijasema hivyo mzee wangu. Ule uyoga muuaji wa Ulaya, Amanita phalloides, ulionekana California mwaka 1938 kwenye bustani za hoteli moja Monterey, inaaminika ulifika na mizizi ya miti ya kupandwa, halafu ukahamia kwenye mialoni ya asili ya pale, na leo umejaa msituni. Unaua ini, na kuupika hakusaidii kitu. Kwahiyo nyie mnaotaka kubeba udongo wa msituni mkoa kwa mkoa, mnajua mmebeba nini humo?

Mabadiliko ya tabianchi nilikuwa nimeyaandaa ila naonyeshwa saa, tuache.

Dada aliyeuliza uyoga wa vichuguu kama utaota Texas kwa mdogo wake: hapana dada. Ule unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, na mchwa wa aina hiyo wako Afrika na Asia, Marekani hawapo. Na tafadhali usimpelekee mchwa.