Usiulize Swali, Omba Karatasi

Mhadhara kwa vikundi vya kijamii, Likoni, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, kina mama, vijana, ahsanteni kwa kuja juani.

Nimeombwa niseme juu ya haki ya kupata habari kutoka serikali ya kaunti. Haki yenyewe haina kisa kirefu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 96, ikalirudia jambo hilo kwa kaunti zetu. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ikaweka siku, ikasema juu ya ada, ikaweka na adhabu. Sheria tunazo.

Tunakwama kwa sababu tunakwenda ofisini na swali, na swali hujibiwa kwa maneno. Mtu anaingia, anasalimu vizuri, anasema: "Naomba kujua lile darasa letu la chekechea limefikia wapi." Ofisa anamwambia: "Linashughulikiwa." Basi, umeshajibiwa! Hukudanganywa, na hukupata kitu. Mimi ninachowaomba leo ni mwache kuuliza maswali. Ombeni karatasi, tena itajeni kwa jina lake.

Karatasi gani? Tulifuate darasa hilo hilo. Chekechea ni kazi ya kaunti, hatuna ubishi hapo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini darasa huzaliwa karatasini miezi mingi kabla. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka bungeni kwake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule watu wa ofisi huuita ADP, na kuutangaza kwa umma ndani ya siku saba. Humo miradi imeandikwa pamoja na gharama iliyokisiwa. Kufikia tarehe 28 Februari huja karatasi ya mkakati wa fedha, inayosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Sasa ukikuta darasa limo kwenye ADP lakini halimo kwenye bajeti iliyopitishwa, usimfuate mkandarasi kumtukana. Hakuna mkandarasi. Darasa lilikatwa mezani, na mtu wa kuulizwa ni mwakilishi wenu wa wadi. Hapo hata barua hamjaandika, na nusu ya jibu mnayo.

Likiwa limo kwenye bajeti, linaingia kwenye ununuzi, na huko ndiko karatasi zinakoanza kuona haya. Kuna tangazo la zabuni, barua ya kumpa mshindi kazi, mkataba, BQ, vyeti vya malipo, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Mkipata nafasi ya kuomba moja tu, ombeni BQ. Ile ni orodha ya kila kazi na kila kifaa, kiasi chake na bei yake: mifuko ya saruji, kina cha msingi, madirisha mangapi, mlango wa mbao au wa chuma, mabati ya geji gani. Nyinyi mna mafundi humu, wanajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na bei si moja. BQ ikisema geji 28 na juu limeezekwa geji 30, hapo humhitaji mhasibu kutoka Nairobi. Fundi wa mtaani anapanda ngazi, anashuka, kazi imekwisha. Halafu kiweke pembeni yake cheti cha malipo. Kama kimeandikwa kazi ya paa imekamilika na kulipwa yote, sasa mna jambo la kuzungumza, na mnazungumza mkiwa mmeshika kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa kabatini.

Kabla ya barua, tafuteni kilichokwisha kuchapishwa. Si ushauri wa adabu tu. Sheria inairuhusu ofisi isikupe habari ambayo ungeweza kuipata kwa urahisi kwingine. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti zote 47 kila robo mwaka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti kila mwaka, serikali yake mbali na bunge lake mbali, na ripoti hizo huwekwa mtandaoni. Zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu kama mfupa, najua. Lakini tafuteni tu jina la wadi yenu au la mradi. Mara nyingi miradi iliyokwama hutajwa humo kwa jina.

Jambo jingine ni mlango. Watu wengi huhangaishwa kwa kugonga mlango usio wao. Zahanati, soko, taka, kibali cha biashara, kibali cha kujenga, hizo ni za kaunti. Hati ya shamba na cheti cha kuzaliwa ni serikali ya kitaifa, hata kama ofisi ziko jirani. Shule ya msingi ni ya kitaifa, chekechea iliyo ndani ya ua huo huo ni ya kaunti! Ukikosea, ofisi iliyopokea barua yako ina siku tano za kuihamishia kwa wenye habari hiyo, kisha ikujulishe. Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa sipo", mwambie aihamishe, kwa maandishi.

Barua yenyewe iwe fupi. "Mimi fulani, raia wa Kenya, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za BQ, mkataba na vyeti vyote vya malipo vya ujenzi wa darasa la chekechea katika wadi ya fulani, mwaka wa fedha wa 2023/2024." Jina, simu, sahihi. Iandikwe kwa Kiswahili. Sheria inataja Kiingereza au Kiswahili, chagua mwenyewe. Usieleze unaitakia nini. Sababu zako haziwahusu, na sheria imesema hivyo wazi. Nimeona watu wakijaza ukurasa mzima wa malalamiko, na ombi lenyewe liko mstari wa mwisho. Ofisa akisoma mstari wa tatu ameshakuona adui. Na kama kuna mzee asiyejua kuandika, ofisa anapaswa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala.

Ielekezeni kwa Katibu wa Kaunti. Kama ni shughuli za bunge la kaunti, kwa Karani wa Bunge. Pelekeni nakala mbili masijala, na hii ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, irudi mkononi mwako. Usitoke bila muhuri. Siku zako zinahesabiwa kutoka hapo, na asiye na muhuri hana siku. Ada ya kuomba haipo. Utakachodaiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala, na kwa hiyo utapewa risiti.

Ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea mara moja, si zaidi ya siku 14, kama kazi ni kubwa kweli. Kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikinyamaza, kimya hicho sheria inakihesabu kuwa umekataliwa. Usirudi tena kupiga magoti. Una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoijua kama Ombudsman. Tume ina mamlaka ya kuita watu na kuamuru karatasi zitolewe.

Nao watakataa kwa maneno makubwa: usalama wa taifa, siri za biashara. Mengine yana msingi. Rekodi ya mgonjwa, kwa mfano, si ya kuombwa na jirani. Lakini neno "siri" si ukuta. Hapa hapa Mombasa, wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliiomba serikali mikataba ya reli ya SGR, wakanyimwa, wakaenda Mahakama Kuu. Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru itolewe. Novemba mwaka huo Kipchumba Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wakati huo, akatoa sehemu yake hadharani. Walianza kwa barua, kama hizi mtakazoandika. Na kama mikataba ya reli inaombwa, itakuwaje BQ ya darasa moja?

Naam, mama yangu pale nyuma. Anauliza: wakisema faili limepotea?

Swali zuri, maana hilo ndilo jibu wanalolipenda. Mama, waambie waandike. "Faili la zabuni namba fulani halipatikani," sahihi na muhuri. Rekodi za ununuzi zinatakiwa kuhifadhiwa angalau miaka sita, kwa hiyo wengi wakiambiwa waandike hivyo, faili huonekana. Lisipoonekana, kumbuka karatasi ya serikali haikai mahali pamoja. Bajeti iko bungeni kwa Karani. Malipo yamepita idara ya fedha, na vocha ziko huko. Idara ya elimu ina nakala ya mkataba, na wakaguzi wa hesabu wamepita humo. Andika barua nyingine kwa kila mmoja wao, siku hiyo hiyo, na kila moja igongwe muhuri.