Swali Lina Kwao

Mhadhara uliotolewa Bagamoyo mbele ya wazee, wavuvi na wanafunzi

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna utamaduni unavyojenga fikra za binadamu. Nimepewa saa nzima, lakini jua linazama na humu ndani wamo watu wenye ngalawa za kushusha majini usiku, kwa hiyo sitawachelewesha. Naanzia jikoni.

Mimi ni mtoto wa Magomeni, hii yetu ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Darasa la nne tulipewa jaribio, na swali moja lilikuwa hivi: kipi hakihusiani na vingine? Nazi, mbuzi, embe, chungwa. Mbuzi ya kukunia nazi, jamani, si wa kuchinja. Ilichorwa kabisa, na kibao chake na ulimi wake wa chuma. Nikazungushia chungwa. Nikapata kosa, nikapata na fimbo moja ya kiganja, na nikaambiwa jibu ni mbuzi kwa sababu vingine vyote ni matunda.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Bibi yangu alikuwa kaikalia mbuzi hiyohiyo anakuna, nazi inaangukia kwenye sinia. Nikamsomea swali. Hakuinua hata kichwa. "Chungwa," akasema. "Nazi na mbuzi haviachani. Embe bichi linaingia kwenye mchuzi wa samaki. Chungwa linatafuta nini hapo?" Nikamwambia mwalimu kasema ni mbuzi. Hapo ndipo aliposimamisha mkono, akanitazama. "Mkiitoa mbuzi, hiyo nazi mtaitafuna?"

Nilikuja kusoma anthropolojia, elimu ya binadamu na tamaduni zao, miaka mingi baadaye, na mhadhara ulioshinda ule sijausikia. Mwalimu hakukosea. Bibi naye hakukosea. Karatasi iliuliza "kipi hakihusiani" ikanyamaza, haikusema kuhusiana kwa namna gani. Mwalimu akaimalizia kwa mazoea ya darasani: vitu vya jinsi moja vikae pamoja. Bibi akaimalizia kwa mazoea ya jikoni: vitu vya kazi moja vikae pamoja. Kila mmoja alidhani anajibu swali lililoandikwa.

Kumbe mambo haya yalikwishatokea mbali sana na hapa. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima, wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Akawaonyesha nyundo, msumeno, shoka na gogo, akauliza kipi kitolewe. Yeye alitaka watoe gogo, vibaki vifaa. Wakagoma kabisa. Gogo ukilitoa, msumeno utakata nini? Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani, maana nilimsikia bibi akizungumza kutoka Asia ya Kati.

Luria akaenda mbele. Akawaambia: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, visiwa vya Novaya Zemlya viko kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Akajibiwa kwa maana hii: mimi nimeona dubu mweusi, wengine sijawaona, huko sijafika, muulize aliyefika. Luria akahitimisha kwamba hawa bado fikra zao zimefungwa kwenye mambo ya kushikika, na kwamba shule na maisha mapya ya mashamba ya ushirika yaliyoletwa na serikali ndivyo vinavyozifungua.

Hapo mimi namwacha. Sikilizeni jibu lile kwa sikio la hapa pwani. Ukiitwa ushahidi wa mpaka wa shamba, au wa mali ya marehemu, wazee wanakuuliza nini kwanza? Ulikuwepo? Uliona kwa macho yako? Ukianza kusema "kwa kuwa mambo huwa hivi, basi na hili lilikuwa hivi", utaambiwa ukae chini. Kwa hiyo mzee wa Uzbekistan hakushindwa kufikiri. Alikataa kumshuhudilia dubu asiyemjua, mbele ya mgeni kutoka serikalini, mwaka 1931. Ningekuwa mimi ningekataa mara mbili.

Na tunajuaje kwamba hakushindwa? Kuna kisa cha Liberia ninachokipenda kuliko vyote. Miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake walifanya kazi na wakulima wa Kikpelle. Wakawawekea vitu ishirini, vyakula, vyombo vya jikoni, vifaa vya shamba, wakawaambia wapange vinavyokwenda pamoja. Wakulima wakapanga kisu na chungwa, jembe na kiazi. Wanaelezea: kisu hukata chungwa, jembe huchimba kiazi. Mwenye akili hupanga hivi, wakasema. Wakaulizwa na kuulizwa, jibu ni lilelile, mpaka mtafiti mmoja, nafikiri kwa kuchoka, akauliza: haya, na mpumbavu angepangaje? Papo hapo wakapanga vyakula huku, vyombo kule, vifaa vya shamba pembeni. Barabara kabisa, kama kitabu cha mtihani.

(Watu wakacheka sana, ilibidi nisubiri.)

Chekeni, lakini mtafiti yule nadhani hakulala. Njia zote mbili zilikuwamo vichwani mwao muda wote. Utamaduni haukuwanyima ile ya pili, uliwaambia tu ni ya nani: ya mpumbavu. Na sisi tuliosoma tumeambiwa ile ya kwanza ni ya bibi jikoni, asiyejua jaribio. Hiki ndicho nilichokuja kusema jioni hii. Watu wakikaa pamoja muda mrefu, hurithishana maswali kabla ya majibu. Mtoto hajui kwamba kuna swali aliloachiwa. Yeye anaona anatazama tu vitu.

Nisemeje kuhusu lugha, maana najua wanafunzi mmekuja na Sapir na Whorf kwenye madaftari, wale waliosema lugha huongoza fikra. Benjamin Lee Whorf alikuwa mkaguzi wa bima ya moto, mtu mwerevu, na alisema mengi ya maana. Wafuasi wake ndio waliotia chumvi mpaka lugha ikawa gereza. Tuangalie Kiswahili chenyewe. Rangi zinazokubali upatanisho ni tatu tu: kitambaa cheupe, cheusi, chekundu. Baada ya hapo lugha inaanza kuazima vitu: cha kijani, jani hilo, cha kijivu, jivu hilo, cha manjano, ambayo ni bizari, cha kahawia, kahawa. Brent Berlin na Paul Kay walipolinganisha lugha nyingi mwaka 1969 waliona kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayohayo yetu matatu. Sasa mwambie mvuvi wa hapa kwamba kwa kuwa bahari haina kivumishi chake, hawezi kuona maji yamebadilika rangi mbele ya mwamba. Atakuacha ufukweni.

Lakini mazoea ya kusema kila siku nayo hayapiti bure. Kijana wa shati la mistari, njoo hapa, usiogope. Meza hii mbele yako ina kikombe, kashata na dele la kahawa. Kikombe kiko kuliani kwako, upande wa bahari. Dele liko kushotoni, upande wa bara. Kashata katikati, usiile. Umeshika? Vichukue vyote. Sasa geuka nyuma kabisa, kuna meza nyingine. Vipange vilevile kama vilivyokuwa.

Mmeona? Kaweka kikombe kuliani kwake tena. Safi. Ila kikombe sasa kiko upande wa bara. Na mzee wangu hapo mbele kaguna, anasema kimehama! Asante, kaa.

Jaribio hili, kwa vitu vingine, walilifanya kina Stephen Levinson katika nchi nyingi. Waholanzi walipanga kama kijana wetu. Wamaya wa Tenejapa huko Mexico, wasemaji wa Kitzeltal, ambao katika kuonyesha vitu husema upande wa mlimani na upande wa bondeni, walipanga kama alivyotaka mzee: kikombe kikae upande kilikokuwa, mwili ugeuke utakavyo. Kule kaskazini ya Queensland, Australia, wako Waguugu Yimithirr, ambao kwa lugha yao mtu hukuambia kuna sisimizi kaskazini ya mguu wako. Ukitaka kusema hivyo kila siku, lazima ujue kaskazini iko wapi ukiwa ndani, ukiwa gizani, hata ukiwa unasimulia jambo la mwaka juzi. Akili inalazimika kuweka dira inayoendelea kuhesabu chini kwa chini. Mzee wetu na dira yake ya bahari amejifunzia chomboni, ambako kaskazini ni kunakotoka kaskazi na kusini ni kunakotoka kusi. Kijana kajifunzia wapi? Kwenye dawati, penye mkono wa kulia na wa kushoto. Na huo wa kulia, angalieni jina lake: ni mkono wa kulia chakula. Adabu ya sinia imeingia mpaka kwenye kuelekeza njia.

Msije mkaondoka mkisema Wamaya wako hivi, Wazungu wako vile. Mwaka 2002 Peggy Li na Lila Gleitman walionyesha kwamba hata wanafunzi wa Kimarekani hubadili jibu ukiwawekea karibu na meza alama ya kujielekezea. Tumerudi kwa Wakpelle: njia ya pili ipo, inangoja kuitwa.

Sasa jambo zito kidogo. E. E. Evans-Pritchard aliishi na Wazande, kusini mwa Sudan ya wakati ule, akachapisha kitabu mwaka 1937. Anaeleza ghala la nafaka lililosimama juu ya nguzo, watu hukaa chini yake kupunga upepo wakati wa joto. Siku moja ghala linaanguka, linaumiza watu. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Hawahitaji mtaalamu kuwaambia. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile walipokaa watu wale. Mchwa hawajibu hilo. Uchawi unajibu.

Hapa kwetu bodaboda ikianguka, polisi anauliza mwendo na breki. Nyumbani kwa majeruhi, usiku, mashangazi wamekaa mkekani, swali ni jingine kabisa: kwa nini yeye, na kwa nini wiki ile aliyolipa mahari? Nimeona wasomi wakiwacheka mashangazi wale kwamba hawajui breki. Wanajua. Breki haijajibu walichouliza. Mimi siuamini uchawi, na najua hapa pwani vikongwe wasio na hatia wameumizwa kwa ajili ya swali hilo, kwa hiyo silipambi. Nasema tu kwamba ukipeleka jibu la breki msibani, usishangae likikaa mlangoni bila kukaribishwa.

Namalizia na mwenyeji wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo hii, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, na kalamu kubwa humo ni ya Mtoro: kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi, ngoma, maradhi, utumwa. Hakuna mtafiti wa pwani asiyepita kwake, mimi nikiwamo. Lakini tazameni vichwa vya habari vile. Mtu wa Bagamoyo haamki asubuhi akajiuliza desturi za Waswahili ni zipi. Yeye anajiuliza arusi ya fulani itakuwa lini na nani hajaalikwa. Swali la "desturi zenu ni zipi" ni la Berlin. Mtoro alilijibu kwa Kiswahili kizuri ajabu. Akaishi Ujerumani mpaka akafia Berlin mwaka 1927, miaka zaidi ya ishirini akiwatazama wakioa, wakizika, wakinywa, wakipigana vita vikuu. Desturi za Wajerumani, kwa mkono wa Mtoro, kwa maswali ya Dunda, hapahapa Bagamoyo: ni ukoo gani huyu, nani mtani wake, nani anamzika? Kitabu hicho ningekinunua kabla ya kula.

Naona mzee wangu aliyeguna kanyanyua mkono tangu kwenye Wazande, na hajaushusha. Mpelekeeni kipaza sauti. Karibu baba, uliza. Na kijana, kile kikombe kirudishe upande wa bahari.